Napanga mfumo wa kuchuja maji ya akwaria ya bahari nyumbani Tabata, nikosoeni kabla sijakata vioo

Pweza wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mimi nimezaliwa Mafia, Kilindoni, na utoto wangu umepita majini. Sasa naishi Dar na wanangu wawili hawajawahi kuona tumbawe hai isipokuwa kwenye simu. Mwaka huu nimeamua nifuge akwaria ya bahari hapa nyumbani. Tangi la juu atanitengenezea fundi, ila mfumo wa kuchuja maji nataka niujenge kwa mikono yangu. Vya kuagiza nje siviwezi kwa bei, na pia nataka nijue kila bomba linafanya kazi gani.

Mpango uko hivi. Tangi la juu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300. Chini yake, ndani ya kabati, sampu, yaani tangi dogo la kuchujia, ya vioo ya sentimita 90 kwa 40 kwa 40, lita 144. Maji yanashuka kwa bomba moja la inchi moja, yanapita kwenye soksi ya kuchujia, skima (mrija wa viputo unaotoa uchafu), kisha sponji, halafu pampu ya lita 3,000 kwa saa inayarudisha juu. Mdomo wa bomba la kurudisha nitauzamisha sentimita 10 ili usipige kelele. Sampu nitaijaza hadi sentimita 34 ili nipate ujazo mkubwa. Umeme ukikatika, valvu ya njia moja itazuia maji yasirudi. Nimepanga pia hita ya wati 300.

Viumbe ni matumbawe laini kwa kuanzia, na samaki wadogo wanne au watano. Naomba mseme ukweli wote, fundi wa vioo anasubiri vipimo Jumamosi.

Fundi Koki

Mkuu, hongera kwa kuuliza kabla ya kukata. Mimi ni fundi bomba, nipo Kigamboni, na huu ni mwaka wa nane naishi na akwaria ya bahari sebuleni. Mpango wako una kosa moja ambalo litakumwagia maji wiki ya kwanza, kwa hiyo Jumamosi ahirisha.

Chukua kalamu, tufanye umeme umekatika. Pampu imesimama. Bomba la kurudisha limejaa maji na mdomo wake umezama sentimita 10, kwa hiyo linageuka mpira wa kunyonyea: maji ya tangi la juu yanashuka kwa kupitia pampu yenyewe hadi mdomo upate hewa. Sentimita 10 za juu kwenye tangi lako ni 120 × 50 × 10, lita 60. Sampu umeijaza hadi 34, nafasi iliyobaki ni sentimita 6, na 90 × 40 × 6 ni lita 21.6. Zaidi ya lita 38 zinakwenda sakafuni, hujahesabu maji yaliyokuwa ndani ya mabomba. Na ni maji ya chumvi, yanaingia kwenye soketi na kwenye mbao za kabati.

Valvu ya njia moja usiitegemee. Ukiifunga ikiwa mpya inazuia vizuri sana. Baada ya miezi mitatu kipande cha gamba la konokono au ukoko wa chokaa unakaa kwenye ulimi wake, inabaki wazi upana wa unywele, na unywele unatosha. Yangu ilikwama usiku wa saa tisa. Niliamshwa na sauti ya maji yanadondoka kwenye vigae, nikakuta mkeka unaelea.

Suluhisho ni kupanga vimo, ili maji yasiwe na namna ya kumwagika hata kila kitu kikiharibika. Mdomo wa bomba la kurudisha uzame sentimita 2 tu. Hapo kitakachoshuka ni lita 12, ongeza kama lita 5 za mabomba na kisanduku cha kushushia maji, jumla 17. Sampu ijaze hadi sentimita 24. Juu yake zinabaki sentimita 16, ambazo ni lita 57.6. Una nafasi zaidi ya mara tatu. Halafu toboa tundu dogo la milimita 4 kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji, livute hewa mapema zaidi. Lakini hesabu zako zifanye kana kwamba tundu halipo, kwa sababu mwani huliziba.

La pili, bomba moja la kushusha halitoshi. Weka mawili. La kwanza lifungie koki ya geti kwa chini, uibane taratibu mpaka bomba lijae maji tupu bila hewa. Ukisikia kimya, umefika. La pili mdomo wake uwe juu zaidi ya la kwanza, lisipitishe kitu siku za kawaida. Konokono akiziba la kwanza, la pili linabeba kazi yote, na kelele yake ndiyo kengele yako. Usilifunge koki hilo la pili, hata ukishawishika.

Kama fundi atatoboa tangi, muulize kioo cha chini ni cha kawaida au cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto. Cha tempa ukikigusa na dirili kinasambaratika chote kwa mara moja. Namna ya kukagua: washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao, zungusha kichwa. Cha tempa mara nyingi huonyesha mabaka na mistari ya giza. Cha kawaida hakionyeshi kitu.

Pweza wa Tabata

Fundi, nimesoma mara tatu. Nimechora upya. Swali: pampu yangu ya lita 3,000, ni kubwa mno?

Fundi Koki

Hapana. Hiyo 3,000 ya kwenye boksi ni pampu ikisukuma bila kupandisha. Ukipandisha mita moja na robo, na elbo tatu njiani, unaweza kupata nusu. Unachohitaji kupita kwenye sampu ni mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kwa saa, kwako ni lita 900 hadi 1,500. Kujua unapata ngapi, elekeza bomba kwenye ndoo ya lita 20 ukishika saa. Ikijaa kwa sekunde 60, una lita 1,200 kwa saa. Msukosuko ambao matumbawe yanautaka hautoki kwenye pampu hii, unatoka kwenye pampu za mawimbi ndani ya tangi la juu.

Elbo zipunguze. Popote unapoweza tumia mpira unaopinda taratibu. Na kila pampu ifunge kwa yunioni, kile kiungo cha bomba kinachofunguka, utaifungua kuisafisha mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mama Kasa

Kaka Pweza, karibu. Fundi ameshamaliza mabomba, mimi nizungumzie maji yenyewe, maana ndiyo yanayochujwa.

Anza na hita: itoe kabisa. Maji ya bahari yetu huwa karibu nyuzi 25 mwezi wa nane, na mwezi wa tatu hufika 29 hadi 30. Chumba cha Tabata hakitashuka sana chini ya hapo. Kwenye tangi lenu lengeni 26 au 27. Adui yenu ni joto la Januari hadi Machi. Feni ndogo mbili zinazopuliza juu ya uso wa maji zitakushushia nyuzi mbili hivi. Sikudanganyi kwamba zitashusha tano, hewa ya Dar ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi. Tangi usilifunike kwa kioo, tumia wavu.

Feni inapoza kwa kukausha maji. Kwangu zinaondoka lita 6 kwa siku, na chumvi haiondoki nazo. Chukulia una lita 350 kwenye mfumo mzima, chumvi ya gramu 35 kwa lita. Usiongeze chochote wiki moja, umepoteza lita 42 na chumvi imepanda karibu 40. Matumbawe yatajikunja. Kwa hiyo unajazia maji baridi, siyo ya bahari, kila siku, na ni bora boya lifanye kazi hiyo. Boya la tangi la choo linafaa kama ni la plastiki tupu. Lenye shaba usilitumie. Shaba kidogo sana inaua kamba, konokono na matumbawe, na ikishaingia kwenye mawe haitoki kirahisi. Kwa sababu hiyohiyo maji ya betri siyaamini, chombo chake hujui kimepitia wapi.

Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, ya kisima kwa mitaa mingi yana chumvi zake. Nunua kipimo cha chumvichumvi, kile cha mfukoni, nenda nacho unaponunua maji yaliyochujwa. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri, chukua. Kikisoma 60, hayo ni ya kunywa, yatakuletea mwani.

Maji ya bahari ninachota mwenyewe, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakikaribia kujaa kabisa, upande wa Kigamboni mbali na bandari na mbali na mdomo wa mto Msimbazi. Wakati wa kujaa yanaingia maji masafi ya kutoka nje. Yakipwa unachota kilichotoka nchi kavu. Masika, mvua ikishanyesha siku tatu, usichote, chumvi imeshuka na mito imeleta kila kitu. Nikifika nyumbani nayapitisha kwenye soksi, nayaacha gizani kwenye mapipa yenye pampu ndogo kwa wiki mbili, napima, ndipo natumia. Madumu yaliyowahi kubeba mafuta au dawa, hata yaoshwe vipi, mimi sigusi.

Sasa skima. Umewahi kuona lile povu la kahawia linalobaki mchangani kusi ikivuma? Skima ni hilohilo ndani ya mrija. Viputo vidogo sana vinapanda, uchafu wa samaki na masalia ya chakula vinanasa kwenye ngozi ya kiputo, vinasukumwa hadi kwenye kikombe juu. Inauondoa uchafu kabla haujaoza na kuwa amonia. Kwenye maji baridi viputo haviwi vidogo kiasi hicho, ndiyo maana wafugaji wa maji baridi hawana habari nayo. Ukiitengeneza mwenyewe kwa bomba la inchi nne na jiwe la hewa la mti, kile kipande cha mti kinachotoa viputo, itafanya kazi, ila mti unachoka baada ya wiki chache na viputo vinakuwa vikubwa. Kikombe kikijaa maji ya rangi ya chai iliyokolea umepatia. Kikijaa maji meupe umeiweka chini mno. Skima inataka kina kisichobadilika, kwa hiyo iweke kwenye chumba cha sampu ambacho kioo cha kugawanya kinashikilia kimo cha maji, isikae na pampu.

Sponji ziondoe. Zinakusanya uchafu, usipoziosha zinakuwa kiwanda cha naitreti. Nafasi yake weka chumba cha mwani na taa ndogo inayowaka usiku. Mwani wa kijani wa nyuzinyuzi, ule unaojisokota kama sufu na kuwasumbua wakulima wa mwani kwenye kamba zao, unakula naitreti na fosfeti. Ukikua unapunguza nusu, unatupa, na uchafu umetoka. Usiku mwani huo unatoa oksijeni wakati tangi la juu liko gizani.

Pweza wa Tabata

Dada Mama Kasa, asante sana. Mawe je? Nina mjomba mvuvi Kunduchi, amesema anaweza kuniletea mawe yenye uhai kutoka karibu na Mbudya, na vipande vya matumbawe.

Mama Kasa

Mwambie mjomba asante, asilete.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Matumbawe magumu yako pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi kuyahamisha kwenda nchi nyingine bila kibali. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuomba hivyohivyo. Miamba yetu ilipigwa baruti miaka mingi, 1998 joto likaipausha, na kabla ya hapo matumbawe yalichomwa kutengeneza chokaa. Tumbawe gumu la ukubwa wa mpira limekua kwa miaka. Wewe umezaliwa Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania Bara ilianzishwa kwenu 1995, unayajua haya kuliko mimi.

Mawe yapo nchi kavu. Yale mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa pwani kwa ajili ya kujengea ni mwamba uliokufa maelfu ya miaka iliyopita, yana matundu mengi, na ndani ya matundu ndiyo bakteria watakaa. Chagua mepesi kuliko yanavyoonekana. Kilo 30 zitakutosha. Toa udongo wote, loweka kwenye klorini ya kufulia siku tatu, suuza, anika juani wiki nzima, kisha yaloweke kwenye maji ya chumvi gizani huku ukipima fosfeti. Ikiendelea kupanda badilisha maji, usikimbilie kuyaweka ndani.

Bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu kuwa naitraiti, kisha naitreti, wanachukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Utaona amonia inapanda na kushuka, kisha naitraiti inapanda na kushuka, kisha naitreti peke yake. Samaki wa kwanza anaingia hapo. Matumbawe laini uchukue vipande kwa wafugaji wenzako, watu wanakata na kugawana.

Umeme Mdogo

Nimepita kuongeza jambo moja ambalo hakuna aliyegusa, na ndilo linaloua watu. Mfungie kabati hilo kivunja umeme kinachohisi uvujaji, chenye miliampia 30. Waya za kila pampu zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji likitembea kwenye waya lidondokee chini, lisiingie kwenye soketi. Soketi ziwe ubavuni, juu ya kimo cha sampu.

Kukatika kwa umeme: pampu ya kurudisha iache izime. Kinachoua samaki wakati huo ni kukosa hewa, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo Dar muda wako ni mfupi. Tafuta pampu ya mawimbi ya volti 12, uielekeze juu ili ivuruge uso wa maji, uiunganishe na betri. Betri ya Ah 100 ni wati-saa 1,200. Tumia nusu yake usiiue, 600. Pampu ya wati 15 inakwenda saa 40. Huhitaji inveta.

Na dawa ya mbu ya kunyunyizia, isiingie chumba hicho kabisa. Skima inavuta hewa ya chumbani kutwa nzima na kuichanganya na maji. Jirani yangu alipuliza chumba jioni, asubuhi kamba wote wamelala chali. Wekeni wavu dirishani.

Fundi Koki

Hilo la dawa ya mbu liandikwe kwa herufi kubwa.

Pweza, kabla hujampa fundi vipimo, chumba cha pampu. Kifanye kidogo makusudi, sentimita 20 kwa 40, maji yake yakae kama sentimita 20. Sababu: mabomba yote mawili ya kushusha yakiziba siku moja, pampu itaendelea kupandisha. Itanyonya sentimita 15, yaani lita 12, zibaki 5, kisha itakosa maji. Tangi la juu ukiacha sentimita 4 tupu juu una nafasi ya lita 24. Halimwagiki. Ila chumba kidogo kina gharama yake: lita 6 za Mama Kasa zikikauka, chumba hicho kinashuka sentimita 7 na nusu kwa siku. Siku mbili ukiwa safarini pampu imekauka na kuungua. Kwa hiyo lile boya siyo anasa, na pipa lake liwe la lita 40. Lisiwe kubwa zaidi, maana boya likikwama wazi, pipa zima linaingia kwenye sampu.

Pweza wa Tabata

Wakuu, narudi baada ya wiki nne.

Vioo vimekatwa kwa vipimo vipya. Sampu nimeigawa: chumba cha skima na soksi sentimita 35, chumba cha mwani 30, mitego ya viputo ya vioo vitatu, kisha chumba cha pampu 20. Vioo vya kugawanya vya milimita 6.

Nilipata hasara moja. Silikoni ya kwanza niliyouziwa nilihakikishiwa ni ya akwaria. Nimeshabandika vioo viwili ndipo mwanangu mkubwa akasoma ubavuni mwa chupa: inazuia ukungu, ya bafuni. Hiyo ina dawa. Nimekwangua yote kwa wembe, siku mbili, mpaka kioo kikalia kikipigwa kucha. Ya pili nimechagua isiyo na dawa ya ukungu, ile inayonuka siki ikikauka, nikaiacha siku nane kabla ya kutia maji.

Jana usiku nimejaribu na maji ya bomba, nje barazani, bila kitu kingine ndani. Ndoo ya lita 20 imejaa kwa sekunde 54. Kubana koki ya geti kumenichukua nusu saa, robo zamu kwa robo zamu, na lile bomba likaanza kunguruma, likakoroma, kisha likanyamaza kabisa. Mke wangu akauliza kama limezimika.

Halafu nikachomoa pampu kwenye soketi. Tulikaa watatu na tochi, mwanangu mdogo ameweka kidole kwenye alama ya 24. Maji yakapanda, 25, 26, 27, yakasimama 28. Nikachomeka, nikaziba tundu la hewa kwa utepe, nikachomoa tena. 28 na kidogo. Nikatia kitambaa kwenye bomba la kwanza la kushusha, la pili likachukua kwa kelele. Nikaziba yote mawili: pampu ikanyonya chumba chake, ikaanza kuvuta hewa, na tangi la juu likabaki na sentimita 2 tupu.

Mawe yako gizani wiki ya pili, fosfeti inashuka. Bamvua ijayo nakwenda Kigamboni na madumu mapya kumi. Mama Kasa, unachota saa ngapi kabla ya maji kujaa?

Mama Kasa

Nusu saa kabla. Ingia hadi kiunoni, zamisha dumu likiwa limefungwa, lifungulie chini, usichote maji ya juujuu. Na siku hiyo usijipake mafuta mikononi.